Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndio Ngoma

Mazungumzo baada ya habari: ajali za marubani wanafunzi wakati wa kutua



Jioni moja nilikuwa Gitambi, katika Wilaya ya Rusizi, upande ule ambako vilima huanza kuteremka kuelekea bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Ndege ndogo ya injini moja ilipita juu yetu ikielekea Kamembe. Watoto waliokuwa wakichota maji waliyaacha madumu yao, wakaipungia mikono mpaka ikapotea nyuma ya kilima. Askari polisi mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami, kijana wa cheo cha chini lakini mwenye akili ya kudadisi, aliniuliza: "Ndugu mtangazaji, kama kale kandege kangeangukia katika lile shamba la mihogo, kazi yangu mimi ingekuwa nini?" Nilitafuta la kumjibu nikalikosa. Nilirudi nikasoma, nikawauliza waijuao kazi hiyo, na mazungumzo ya leo ndiyo jibu ninalomletea. Kijana huyo aliongeza swali la pili, ambalo nitalifikia baadaye.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Sidhani kama walikuwa wameona ndege, lakini rubani yeyote atawaambia kwamba walisema kweli. Kuiondosha ndege ndogo ardhini si jambo gumu sana: unafungua injini kwa nguvu zote, unaishika njia iliyonyooka, na mwendo ukitosha ndege yenyewe hutaka kupaa. Kuirudisha ardhini ni kazi ya namna nyingine kabisa. Aghalabu ajali za wanafunzi wa urubani hutokea hapo, katika zile dakika chache za kukikaribia kiwanja na sekunde chache za magurudumu kugusa ardhi. Nyingi kati ya hizo hazimwui mtu. Huvunja gurudumu la mbele, hupinda rafadha, hutoboa bawa, na humwacha kijana akitetemeka kando ya njia. Lakini zipo zinazoua, na tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ni mita chache za urefu au uamuzi wa sekunde mbili.

Mtu asiyejua hudhani kwamba kutua ni kuishusha ndege mpaka ifike chini, kama dereva anavyoliteremsha basi mlimani mpaka lifike kituoni. Sivyo. Ndege ndogo ya mafunzo, tuseme Cessna 172 ambayo imetumika duniani tangu mwaka 1956, hukijia kiwanja kwa mwendo wa kilomita kama 120 kwa saa. Ikibakia mita chache juu ya ardhi, rubani huondoa nguvu ya injini na kuanza kuinua pua polepole. Hapo ndege huacha kushuka na kupita sambamba na ardhi. Mwendo unapungua, mabawa yanapoteza nguvu ya kuibeba, rubani anaendelea kuinua pua kidogo kidogo, na kazi yake wakati huo ni kuizuia ndege isiguse chini mpaka iwe imechoka kuruka. Ikichoka, hukaa kwa magurudumu mawili ya nyuma, kisha lile la mbele hufuata taratibu. Yote haya hufanyika katika nafasi ya sekunde chache, na mwanafunzi hawezi kuyasoma kitabuni akayamaliza. Lazima jicho lijifunze, na mkono pia.

Sasa mtazame mwanafunzi ambaye jicho lake bado halijajifunza. Anakuja na mwendo uliozidi kidogo, kwa sababu anaogopa kupunguza. Magurudumu yanagonga ardhi mapema, ilhali ndege bado ina hamu ya kuruka, nayo inadunda kama mpira na kupaa tena mita moja au mbili. Mwanafunzi anaona anga mbele yake badala ya njia. Anashtuka, anausukuma usukani mbele ili airudishe ndege chini. Ndege inainamisha pua na kugonga kwa gurudumu la mbele, lile dhaifu, ambalo halikuumbwa kubeba kishindo cha kutua. Inadunda tena, safari hii juu zaidi. Anasukuma tena. Kila mdundo unazidi uliotangulia, kwa sababu mkono wake umechelewa nusu sekunde nyuma ya ndege, na anapoirekebisha hali moja, hali nyingine imekwisha kuingia. Aghalabu katika mdundo wa tatu gurudumu la mbele huvunjika, rafadha huchimba lami, na ndege huteleza kwa kifua au hupinduka.

Dawa ya ugonjwa huu inafahamika kwa kila mkufunzi: ukidunda vibaya, usipigane na ndege. Fungua injini kwa nguvu zote, paa tena, zunguka kiwanja, urudi uanze upya. Ni rahisi kusema. Mwanafunzi aliyekwisha kuweka nia ya kutua huona kwamba kupaa tena ni kukiri kushindwa mbele ya mkufunzi na wenzake wanaomtazama kutoka kivulini. Ninyi wanajeshi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mnafundishwa kwamba kurudi nyuma kwa mpango si woga, na kwamba kamanda anayeng'ang'ania shambulio lililokwisha kuharibika huwapoteza watu bure. Kwa rubani ni vivyo hivyo, isipokuwa yeye hana muda wa kuitisha kikao.

Hata kule kupaa tena kuna hatari yake. Injini inapofunguliwa ghafla, pua hutaka kunyanyuka yenyewe, na ndege hutaka kupinda upande wa kushoto. Vile vibawa vya nyuma ya bawa vilivyoteremshwa kwa ajili ya kutua huwa bado viko chini, vikiikokota ndege. Mwanafunzi akivipandisha vyote kwa mara moja kwa haraka, ndege huzama kabla haijapata mwendo. Akiiacha pua inyanyuke mno, mabawa hupoteza nguvu. Kwa hiyo mkufunzi mwema huwafundisha wanafunzi wake kupaa tena mara nyingi kama anavyowafundisha kutua, nao hulifanya jambo hilo kuwa la kawaida, lisilo na aibu wala la kuandikwa pembeni ya jina la mtu.

Iko ajali nyingine ambayo ndiyo muuaji hasa. Kabla ya kutua, ndege hukizunguka kiwanja kwa umbo la mstatili, na kona ya mwisho ndiyo inayoilenga njia. Upepo ukiisukuma ndege, mwanafunzi huona kwamba ameipita njia, naye huilaza ndege zaidi ili aikate kona. Ndege ikilazwa kwa nyuzi 45, mwendo ambao chini yake mabawa hushindwa kubeba hupanda kwa karibu asilimia 19. Ikilazwa kwa nyuzi 60, hupanda kwa asilimia 41. Mwendo uliokuwa salama nukta moja iliyopita hautoshi tena, na rubani hakugusa kitu ila usukani. Ikiwa pia anaisukuma pua kwa mguu ili igeuke upesi, bawa moja hushindwa kabla ya jingine, na ndege hujipindua kuelekea chini. Katika mita 150 juu ya ardhi hakuna nafasi ya kuiokoa. Hii ndiyo sababu wakufunzi husema kwamba kona iliyokosewa isikatwe kwa nguvu: ipite, zunguka, urudi.

Ndugu wasikilizaji, nimeizungumza ndege kana kwamba iko popote. Sasa tuirudishe kwetu. Kiwanja cha Kamembe kiko karibu mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, nacho cha Kigali kiko karibu mita 1,490. Hewa ya urefu huo ni nyepesi, na jua la mchana huifanya kuwa nyepesi zaidi. Mchana wa joto la nyuzi 25, ndege iliyoko Kamembe huona hewa kama iliyoko kilele cha mlima wa mita 2,300. Injini ndogo isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupungukiwa nguvu kwa kiasi cha asilimia 3 katika kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo kule kupaa tena tulikokutaja huwa kwa uvivu. Na kipima mwendo, ambacho hupima msukumo wa hewa na si mbio za ardhini, kitaonyesha kilomita 120 wakati ndege inapita juu ya ardhi kwa kilomita kama 135, hata kama hakuna upepo. Nguvu inayopaswa kumalizwa kwa breki imezidi kwa robo nzima.

Hapo pana mtego wa macho. Mwanafunzi anaiona ardhi ikimkimbilia kwa mbio asizozizoea. Macho yanamwambia, "Unakwenda kasi mno, punguza." Akiyatii macho badala ya kipima mwendo, atapunguza mpaka mabawa yashindwe kubeba. Mtego wa pili unatokana na umbo la njia. Njia ya Kigali ina urefu wa mita 3,500, nayo ni pana. Ile ya Kamembe ni fupi na nyembamba, takriban mita 1,500. Jicho lililozoea njia pana likiona iliyo nyembamba hudhani kwamba bado liko juu sana. Rubani hushuka zaidi, naye hujikuta chini ya pembe iliyo salama, akivikaribia vilima na migomba kabla hajakifikia kiwanja. Njia ikiwa ya kupanda, udanganyifu ni huo huo. Si uzembe wa mtu. Jicho la binadamu ndivyo lilivyo, na rubani mzoefu naye hudanganyika asipotahadhari.

Mtu atauliza: mbona basi mwanafunzi apelekwe kwenye kiwanja asichokijua? Kwa sababu kanuni za dunia zinataka hivyo, na zinataka kwa haki. Kwa mujibu wa masharti ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, anayetafuta leseni ya rubani binafsi ni lazima awe na saa zisizopungua 40 angani katika mafunzo ya kawaida. Katika hizo, saa 10 awe peke yake, na saa 5 za upweke huo ziwe safari za mbali. Safari moja ni lazima ifike kilomita 270, na ndani yake atue na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Umri wa chini wa leseni hiyo ni miaka 17. Kwa hiyo kile kindege mnachokiona juu ya Gitambi, Nyungwe au Nyamasheke huenda kinaendeshwa na kijana wa miaka 18 au 19 ambaye kiti cha pembeni yake ni kitupu. Na utupu wa kiti hicho nao una athari zake: mkufunzi wa kilo 75 akishuka, ndege huwa nyepesi, hupaa upesi kuliko jana, na wakati wa kutua huelea mbali zaidi kabla ya kukubali kukaa. Mwanafunzi huambiwa hayo kabla. Kuambiwa na kuyaona ni mambo mawili.

Jeshi lina sehemu yake katika historia ya mafunzo haya, na si sehemu ndogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya anga yalipoteza vijana wengi kabla hawajamwona adui, kwa sababu walifundishwa na watu waliochoka vitani, waliokuwa wakiwakataza wanafunzi wao kufanya lolote lenye hatari. Mwaka 1917 afisa mmoja Mwingereza, Robert Smith-Barry, aligeuza jambo hilo katika kiwanja cha Gosport. Yeye alisema mwanafunzi atiwe kwa makusudi katika hali ya hatari, akiwa na mkufunzi, afundishwe chanzo chake na namna ya kujitoa. Mkufunzi na mwanafunzi walizungumza kwa mpira wa kupitishia sauti, kwa kuwa injini ilikuwa na kelele. Kila shule ya urubani ya leo, ya kiraia au ya kijeshi, inakula matunda ya uamuzi huo wa Gosport.

Afrika Mashariki ilijenga shule yake Soroti, nchini Uganda, mwaka 1971, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, shule ikabaki. Miongoni mwa waliopita Soroti ni Esther Mbabazi, ambaye mwaka 2012, akiwa na miaka 24, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria. Baba yake alikuwa amefariki katika ajali ya ndege iliyopita mwisho wa njia ilipokuwa ikitua nchini Kongo, wakati yeye bado ni mtoto mdogo. Binti huyo alijua kutua kunaweza kumfanyia nini mtu na jamaa yake, naye akaenda kujifunza kutua. Sina la kuongeza hapo.

Viwanja vyenye shughuli nyingi vina hatari yao pia. Tarehe 5 Machi 2024, huko Nairobi, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 yenye mkufunzi na mwanafunzi wake iligongana angani na ndege ya abiria iliyokuwa imeondoka katika kiwanja cha Wilson. Wawili hao walikufa. Ndege ya abiria ilirudi na kutua salama na watu 44. Haikuwa ajali ya kutua, lakini inatukumbusha kwamba anga ya kando ya kiwanja, ambamo mwanafunzi hupiga mizunguko yake, ni anga ya wote.

Sasa nije kwa askari wangu wa Gitambi.

Ndege ikianguka mbali na kiwanja, magari ya zimamoto hayatakuwa ya kwanza kufika. Watakaofika kwanza ni wakulima, na baada yao ni ninyi. Tuliona hivyo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ya Precision Air ilipoingia katika Ziwa Viktoria ikijaribu kutua. Watu 43 walikuwamo, 19 walikufa, 24 waliokoka. Na wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kuifikia. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima, na baadaye alichukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania. Kwa hiyo, afande, usingoje mtaalamu aliye umbali wa saa mbili wakati mtu anaungua mbele yako. Uhai kwanza, na hakuna kanuni ya uchunguzi popote duniani inayokukataza kuivunja ndege ili umtoe mtu.

Lakini ifikie kwa akili. Petroli ya ndege hizi, ambayo kwa kawaida hutiwa rangi ya buluu, huwaka upesi kuliko dizeli ya lori lako. Katika Cessna imo ndani ya mabawa, juu ya vichwa vya waliomo, na matangi yakiwa yamejaa huweza kufikia lita 200. Zima sigara na ufukuze kila mwenye kuvuta. Usikae mbele ya rafadha wala usiigeuze kwa mkono, hata kama injini imekufa kabisa: umeme unaowasha mafuta katika injini hizi hautegemei betri, na rafadha iliyosukumwa kidogo huweza kuruka na kukata mkono. Kama mtu amebanwa na hakuna moto wala maji, usimvute kwa mabega. Shingo iliyojeruhiwa huharibiwa zaidi na mwokoaji mwenye huruma na haraka. Kishikilie kichwa chake, zungumza naye, ungoje wauguzi.

Jambo moja ambalo askari wengi hawalijui: baadhi ya ndege ndogo za siku hizi zimefungwa mwavuli mkubwa wa kuibeba ndege nzima, nao hufyatuliwa kwa roketi iliyomo nyuma ya viti. Ndege za Cirrus zina mwavuli huo. Kama ndege imeanguka na roketi haijafyatuka, roketi hiyo ni kama kombora lisilolipuka. Ninyi mnajua la kufanya na kombora lisilolipuka. Tafuta alama ya onyo iliyobandikwa ubavuni, usikate nyaya wala paa karibu nayo, na usiruhusu mtu asimame juu ya ndege.

Baada ya kuokoa watu, kazi inayobaki ni kulinda, na kwa maoni yangu hii ndiyo ngumu zaidi. Umati utakuja. Wengine watalia, wengine watapiga picha kwa simu, na wachache watachukua bati, redio au kiti, ama kwa kuuza ama kwa ukumbusho. Kila kipande kinachoondoka ni ushahidi unaoondoka. Mchunguzi atakayefika kesho atataka kuona alama za matairi kwenye nyasi, urefu wa kila mburuzo, matawi yaliyokatwa na bawa, na namna rafadha ilivyopinda, kwa kuwa rafadha iliyopinda kwa namna fulani humwambia kama injini ilikuwa ikifanya kazi au ilikuwa imezimika. Atataka kuona ndani ya chumba cha rubani kila swichi ilikuwa wapi. Kwa hiyo zungushia kamba mbali, zaidi ya pale unapodhani panatosha, na njia ya kuingilia iwe moja. Kama ilibidi kusogeza kitu ili kumtoa majeruhi, piga picha kwanza ukiweza, au uandike kilikuwa wapi. Kisanduku cha rangi ya machungwa kinacholia kwa mawimbi ya redio ni cha kuwaita waokoaji. Usikizime wala kukitoa bila ya kuambiwa na wahusika. Andika saa uliyofika, hali ya mawingu, upepo ulikuwa ukitoka wapi, na majina ya walioona. Mkulima aliyesema "injini ilikuwa inakohoa" asiambiwe na mwenzake kwamba haikukohoa. Watenganishe, kila mmoja aseme lake.

Na picha za marehemu au majeruhi zisitoke. Mama wa kijana huyo yuko mahali fulani anapika, hajui lolote. Asiujue msiba wake kwa simu ya jirani.

Swali la pili la kijana wa Gitambi lilikuwa hili: "Je, nimkamate rubani?" Aliuliza kwa unyofu, maana amefundishwa kwamba penye hasara pana mkosaji.

Mataifa yalikubaliana Chicago tarehe 7 Desemba 1944 juu ya usafiri wa anga wa kiraia, na mwaka 1951 yakaongeza kanuni za uchunguzi wa ajali, zinazoitwa Kiambatisho cha 13. Kanuni hizo zinasema kwamba shabaha pekee ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumgawia mtu lawama. Kama pana shaka ya kosa la jinai, hilo lina njia yake, na njia hizo mbili hutenganishwa. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi ziko nje ya mkataba ule, na kila jeshi lina bodi yake; lakini majeshi yenye busara yamejifunza kanuni hiyo hiyo. Sababu yake ni ya kiaskari kabisa. Mwanafunzi anayejua kwamba ataingizwa mahabusu atasema kipima mwendo kilikuwa sawa. Mwanafunzi asiyeogopa atasema: "Niliiona ardhi ikinikimbilia, nikaacha kukitazama kipima mwendo." Maneno hayo yanaweza kumwokoa mwanafunzi atakayekuja mwezi ujao katika njia ile ile. Nimewasikia watu wazima, wenye vyeo, wakisema kwamba huo ni ulegevu, na kwamba adhabu kali itawatia vijana adabu. Mimi naona wanakosea. Kijana aliyedunda mara tatu kwenye lami akiwa peke yake amekwisha kutiwa adabu na ndege yenyewe, nanyi mnachohitaji kutoka kwake ni habari.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukimkuta amekaa kwenye majani kando ya ndege yake, mtoe mbali na mafuta, mtafutie maji na kitu cha kujifunika. Chukua jina lake, la shule yake na la mkufunzi wake, uhakikishe mkufunzi anapata habari. Usimhoji mbele ya umati, wala usimwache peke yake. Hata akisema kwamba hajaumia, mpeleke kituo cha afya, kwa sababu mshtuko huficha maumivu, na kifua kilichogongwa na usukani huweza kuonekana kizima kwa saa kadhaa. Kisha rudi kwenye kamba yako ulinde mpaka wachunguzi wafike, hata kama ni usiku kucha na mvua ya Rusizi inanyesha.